Nyumba Haina Pumzi

Mwezi wa Mei 2023 mama yangu alinipa jibu la kilichokuwa kikiyaharibu maji ya tangi langu la matumbawe. Mimi nikaja kulisikia Julai. Katikati hapo nilipoteza matumbawe matano ya pembe, pampu moja, na usingizi wa wiki nyingi.

Tunakaa Maskati, ghorofa ya tatu, mimi na mume wangu na watoto watatu, pamoja na mama, aliyehamia kwetu kutoka Jambiani, Unguja, baada ya baba kufariki. Tangi liko ukumbini: sentimita 120 kwa 50 kwa 50, na chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi dogo la kuchujia lenye skima, yaani kile chombo kinachopiga maji mpaka yatoe povu, uchafu ukapanda nalo na kumwagika kwenye kikombe. Maji yote kwa pamoja ni kama lita 320. Nililianzisha Novemba 2021. Mwaka wa kwanza nilifuga matumbawe laini tu na samaki mmoja mdogo aina ya kangaja, sikuwa hata na kipimo cha pH, ile namba ya uasidi wa maji (ikishuka, uasidi umezidi), na kila kitu kiliishi. Baridi ya mwaka uliofuata ndipo nilipojipa moyo nikanunua Acropora, matumbawe yenye matawi kama pembe za paa, yale ambayo Jambiani nilikuwa nikiyaona chini ya ngalawa nikiwa mtoto. Vilikuwa vipande vilivyokuzwa kwenye mashamba ya matumbawe, vikaja na karatasi zake. Oman ina miamba yake mizuri, na visiwa vya Daymaniyat ni hifadhi, lakini kung'oa tumbawe huku ni kosa. Hata kusingekuwa kosa nisingefanya. Nimeona kwetu mwamba ulionyang'anywa unavyobaki.

Pamoja na Acropora nilinunua kipimo cha pH cha kijiti. Nilijiwekea saa mbili za kupima, kwa sababu ni saa ambazo niko macho kila siku bila kukosa: baada ya swala ya alfajiri, na baada ya magharibi. Bila kujua nilikuwa nimechagua vizuri. Mchana taa zikiwaka, vijimwani vinavyoishi ndani ya nyama ya matumbawe hula hewa ya ukaa iliyomo majini, ambayo ndiyo huyatia uasidi, na pH hupanda. Usiku taa zikizimwa, kila kiumbe tangini hupumua na hakuna anayekula kile kinachopumuliwa, kwa hiyo pH hushuka mpaka alfajiri. Ukipima leo saa nne asubuhi na kesho saa tatu usiku, utadhani tangi lako limeugua au limepona, kumbe umepima saa tofauti tu.

Kuanzia Desemba mpaka Machi daftari langu linasoma vizuri: alfajiri 8.0, magharibi 8.3, siku baada ya siku. Bahari ya wazi yenyewe ni kama 8.1. Acropora zilitoa ncha mpya za rangi ya samawati. Nilikuwa nikikaa mbele ya kioo na kikombe cha chai ya tangawizi mpaka mume wangu ananiuliza kama nimeoa samaki.

Mwishoni mwa Aprili joto la Maskati huanza kuingia kwenye kuta. Mei ikifika madirisha hufungwa, viyoyozi huwashwa, na hapo ndipo nyumba inakuwa kama mtungi uliozibwa mpaka Oktoba. Nje ni digrii 42, 44. Hakuna anayefungua hata ufa. Daftari linasema: tarehe 3 Mei alfajiri 7.91. Tarehe 10, 7.83. Tarehe 17, 7.74. Na siku moja katika wiki hiyo, mama ametoka chumbani akiwa ameshika kichwa, akakaa kwenye kochi akasema, “Mwanangu, nyumba hii haina pumzi. Fungua hata kadirisha.”

Nikamwambia, “Mama, nje kunaungua.” Nikampa dawa ya kichwa. Nikarudi kwenye tangi langu kupima pH.

Mwisho wa mwezi kijiti kilisoma 7.54, na hapo nilishtuka kweli. Kabla sijaendelea niseme jambo ambalo lilinitia uchungu zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni fundi wa mashine za hospitali, hasa mashine za nusukaputi. Kazini hakuna kipimo ninachokiamini kabla ya kukilinganisha na kipimo kinachojulikana. Kijiti cha nyumbani sikuwa nimekigusa tangu Desemba. Nilipokichovya kwenye maji ya majaribio ya pH 7 na ya pH 10, kikaonekana kimepotoka. Nilipokirekebisha, 7.54 ikawa 7.66. Bado ni ya chini, lakini siyo ile niliyokuwa nikiitetemekea. Tangu hapo nakirekebisha kila mwezi, na kila baada ya mwaka mmoja na nusu nanunua kijiti kipya, maana hata kikitunzwa kwenye maji yake ya chumvi huzeeka. Anayetaka kupambana na pH ya chini aanze hapo, kabla ya kumwaga chochote tangini.

Mimi nikamwaga. Dukani nilipewa kopo la unga wa kupandisha pH, nikaelezwa vijiko vingapi kwa siku. Jioni ya kwanza pH iliruka mpaka 8.2 nikashukuru Mungu. Alfajiri, 7.69. Nikaweka tena. Jioni 8.2, alfajiri 7.71. Nikaendelea hivyo siku tisa.

Kilichomo ndani ya kopo la namna ile, kwa sehemu kubwa, ni kaboneti na bikaboneti, jamaa wa magadi yale tunayotia kwenye maharage yaive haraka. Unga huo hauondoi kitu kinachoshusha pH. Unaongeza alkalini, yaani ile akiba ya maji ya kuzuia uasidi, ambayo wafugaji tunaipima kwa digrii za dKH. Bahari ina kama digrii 7. Tangi langu lilikuwa 8 miezi yote ile, halikuwa na upungufu wowote. Lau ningepima alkalini siku ya kwanza ningejua kwamba hapo hapakuwa na njaa ya kulishwa. Siku ya tisa nilipokumbuka kuipima ilikuwa 13.4.

Asubuhi hiyo ncha za Acropora zilikuwa nyeupe. Siyo weupe wa ukuaji, ambao huwa laini na unang'aa. Huu ulikuwa weupe wa mfupa, ngozi imerudi nyuma, mifupa imebaki wazi. Kalsiamu ilikuwa imeshuka kutoka miligramu 430 kwa lita mpaka 350, kwa sababu kalsiamu na kaboneti zilipozidi kukutana majini ziligandana zenyewe zikawa mawe kabla matumbawe hayajazitumia. Mawe hayo niliyaona: ukoko mweupe kwenye kuta za bomba, kwenye fimbo ya joto ambayo haikuwa hata imewashwa, na ndani ya pampu kubwa, ambayo usiku wa pili yake ilikwama ikazima. Nililiamkia tangi lililokuwa limenyamaza. Aliyewahi kufuga anajua kimya hicho kinavyoamsha mtu kuliko kelele.

Nilibadilisha maji kidogo kidogo, lita 30 kwa wakati mmoja, nikaiacha alkalini ishuke yenyewe kwa wiki mbili na nusu. Katika Acropora nane zilibaki tatu.

Ikaja Idd ya Mfunguo Tatu, tarehe 28 Juni. Ami yangu na familia yake walikuwa wamekuja kutoka Unguja, shangazi kutoka Sohar, na watoto wao wote. Tulikuwa watu kumi na wanne ndani ya nyumba, wengine wamelala ukumbini mbele ya tangi. Jiko la gesi liliwaka tangu alfajiri. Mama alitia makaa kwenye chetezo akafukiza udi chumba kwa chumba, kama Idd inavyotaka. Alfajiri ya siku ya pili kipimo, kilichorekebishwa na cha kuaminika, kilisoma 7.58. Sikutia kitu. Nilikaa chini nikaliangalia tangi, na samaki nao walikuwa wakihema karibu na juu ya maji.

Mapumziko yalipokwisha nikarudi kazini, na siku ya kwanza ilinikuta chumba cha upasuaji nikikagua mashine kabla ya mgonjwa kuingizwa. Mashine ya nusukaputi haitupi pumzi ya mgonjwa nje kila anapotoa. Inaizungusha imrudie, ili dawa isipotee. Lakini pumzi iliyotoka ina hewa ya ukaa, na ikimrudia hivyo hivyo damu yake itaingia uasidi. Kwa hiyo njiani pamewekwa kopo la vidonge vidogo vyeupe vya chokaa ya soda, ambavyo hushika hewa ya ukaa na kuacha nyingine zipite. Vikichoka hugeuka zambarau. Nilikuwa nimeshika kopo lililogeuka zambarau nusu, nabadilisha. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Nikasimama pale nalo mkononi.

Damu ya mgonjwa aliyefungiwa pumzi yake mwenyewe huingia uasidi. Na maji ya tangi lililofungiwa pumzi ya watu kumi na wanne?

Nilimsikia mama kama vile alikuwa amesimama mlangoni. Nyumba hii haina pumzi.

Jioni ile nilifanya jaribio ambalo ningelifanya Mei lingeniokolea kila kitu, na halina gharama zaidi ya vipampu viwili vya hewa. Nilichota maji ya tangi kwenye majagi mawili. Moja nililiacha ukumbini na kipampu kikilitia mapovu ya hewa ya ukumbini. La pili nililitoa roshani, nalo likatiwa mapovu ya hewa ya nje. Saa moja kila moja. Usiku ule nje kulikuwa na joto la digrii 34, kwa hiyo nilisubiri jagi la roshani lipoe mpaka joto la mwenzake kabla ya kupima, maana kipimo hupotoshwa na joto. Maji yalitoka tangini yakiwa 7.66. Jagi la ukumbini: 7.70. Jagi la roshani: 8.16.

Maji ni yale yale, na chumvi ni ile ile. Alkalini haikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni hewa tu.

Wiki iliyofuata nilinunua kipimo kidogo cha hewa ya ukaa. Nje roshani kilisoma sehemu 430 katika kila milioni, ambayo ndiyo hali ya hewa ya dunia siku hizi. Ukumbini saa tano usiku, tukiwa sisi sita tu, kilisoma 1,450. Chumbani kwa mama, mlango umefungwa, alfajiri: 2,100. Niliangalia namba ile nikakumbuka kichwa chake cha kila asubuhi na dawa nilizompa. Kabla ya kugusa bomba lolote la tangi nilitengeneza utaratibu wa mama: mlango wake hulala wazi, na dirisha dogo la choo chake hufunguliwa kabla ya jua kuchomoza. Kiyoyozi cha ukutani kama chetu hakiingizi hewa mpya. Kinachukua hewa ya chumba, kinaipoza, kinairudisha. Ubaridi humfanya mtu aamini kwamba hewa ni safi.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ningependa kila mfugaji aijue kwa kichwa. Alkalini ikiwa haibadiliki, kila hewa ya ukaa inapokuwa maradufu, pH hushuka kwa takriban 0.3. Kutoka 430 mpaka 860, toa 0.3. Kutoka 860 mpaka 1,720, toa 0.3 nyingine. Kwa hiyo tangi ambalo kwenye hewa ya nje lingekuwa 8.2, kwenye ukumbi wa 1,450 litakuwa karibu 7.7, na hakuna muujiza ndani yake. Ukitaka kuirudisha 0.3 moja tu kwa kopo la unga, lazima uifanye alkalini iwe maradufu, kutoka 8 mpaka 16, na matumbawe yatakufa kabla hujafika. Mimi yangu yalianza kufa kwenye 13.

Kurekebisha kulichukua majira yote ya joto, na sehemu nyingine niliikosea kwanza.

Jambo la awali lilikuwa kuipa skima hewa ya nje. Skima hufyonza hewa nyingi sana na kuichanganya na maji, kwa hiyo ndiyo pua ya tangi. Pembeni ya bomba la kiyoyozi palikuwa na tundu ukutani. Nilipitisha mpira mwembamba mpaka roshani, mdomo wake nikauinamisha chini na kuufunga kitambaa cha wavu. Siku tatu baadaye alfajiri ikasoma 7.86. Nikafurahi mno, mpaka nilipoona joto la maji limepanda kwa digrii moja na chombo cha kupoza maji hakipumziki. Hewa ya Julai ya Maskati ni moto na imejaa unyevu. Tena kuna siku hunyunyizwa dawa ya mbu mtaani. Jirani ndiye aliyeniambia, na niliteremka mbio kuchomoa mpira. Dawa ya wadudu ikiingia kwenye skima haitakuachia kamba hata mmoja. Njia hii naipenda kwa miezi ya kati, Aprili na Oktoba, nje kukiwa na joto la kuvumilika.

Kwa miezi ya moto kweli nilirudi kwenye kopo la vidonge vyeupe. Sikuchukua cha hospitali. Chokaa ya soda huuzwa pia kwa wapiga mbizi wanaotumia mitungi ya kuzungusha pumzi, na nilinunua ya kwangu. Niliijaza kwenye chupa ya plastiki yenye njia mbili, nikaiunga kwenye mpira wa hewa wa skima, na hewa yenyewe nikaitoa kwenye kikombe cha skima izunguke, badala ya kuvuta ya ukumbini kila mara. Vidonge hudumu zaidi hivyo. Navijaza nimevaa glovu na kufunika pua, maana vumbi lake huunguza macho na koo, na naiweka chupa mahali ambapo jasho la bomba haliwezi kuchuruzika kurudi tangini. Wiki ya kwanza ya Agosti 2023: alfajiri 7.98, magharibi 8.25. Vidonge vikigeuka zambarau mpaka robo tatu, nabadilisha. Kwangu ni kama wiki tatu.

Dawa ya tatu niliikuta kwenye kumbukumbu zangu mwenyewe. Wafugaji wengi duniani hudondosha tangini maji ya chokaa, yaani kalsiamu hidroksaidi iliyoyeyushwa kwenye maji safi, ili kufidia maji yanayopotea kwa mvuke. Yana pH ya karibu 12.4 yakishiba. Yakiingia tangini, hidroksaidi hukamata hewa ya ukaa na kuigeuza bikaboneti, kwa hiyo pH inapanda na wakati huo huo matumbawe yanapata kalsiamu na alkalini, vitu viwili wanavyojengea mifupa. Nilipokuwa nasoma hayo ndipo nikamwona babu yangu.

Babu alikuwa mchoma chokaa, Jambiani. Walipanga magogo kwa mduara, tanuri pana kama kibanda, wakarundika mawe ya matumbawe juu yake, wakatia moto. Jiwe la tumbawe ni kalsiamu kaboneti. Moto unaifukuza hewa ya ukaa iliyomo na kuacha chokaa kali. Wakaimwagia maji, ikavimba na kufoka mvuke, ikawa unga laini. Unga huo ndio chokaa iliyokandikwa kuta za Mji Mkongwe, na ukutani taratibu, kwa miaka, hunywa hewa ya ukaa iliyomo hewani na kurudi kuwa jiwe. Chokaa ya tambuu ya bibi ni hiyo hiyo. Na vidonge vya chumba cha upasuaji ni hiyo hiyo pia, iliyotiwa soda kidogo. Nilikuwa nimezungukwa na jibu tangu nikiwa mtoto wa kutumwa dukani kununua popoo.

Nilimwambia mama. Alicheka akasema, “Baba yangu alikuwa akisema chokaa ina kiu.” Kisha akanyamaza, na baada ya muda akaongeza, “Na mwamba wa mbele ya nyumba ulikuwa mzima wakati ule.” Sikuwa na la kumjibu. Babu alilisha watu kumi na mmoja kwa kazi ile, na mawe mengine yalitoka baharini yakiwa hai.

Maji ya chokaa yanataka heshima. Nilianza na robo ya nguvu yake, yakidondoka tone kwa tone usiku, pH ikiwa chini na nafasi ya kupanda ikiwepo. Leo natumia kama gramu moja kwa lita, lita nne kwa usiku. Hayamwagwi kwa mkupuo hata siku moja. Kikombe kizima kwa pamoja kinaweza kuirusha pH na kuyagandisha maji kuwa maziwa. Chombo changu cha kudondoshea kina saa yake na kikomo chake, na nimeweka ndoo ndogo makusudi, ili hata kila kitu kikiharibika, kilichomo ndani hakitoshi kuua.

La mwisho ni la mama mwenyewe. Miaka ya tisini alikuwa akilima mwani Jambiani, kamba na vijiti ufukweni, kama wanawake wengi wa pwani ile. Alipoona kwenye tangi la chini nimeweka fundo la mwani wa nyuzi chini ya taa ndogo, akaniuliza taa hiyo inawaka saa ngapi. Nikamwambia mchana, pamoja na ya juu. Akasema, “Sasa mchana wa nini? Mchana juu wanakula wote. Uwashe usiku, wale wa juu wakilala.” Wafugaji wenye uzoefu hufanya hivyo hasa, na mimi nilikuwa sijafika huko. Nilibadilisha saa ya taa. Tofauti ya alfajiri na magharibi ikapungua, kutoka karibu 0.3 mpaka chini ya 0.2.

Nimeulizwa mara nyingi kama ni lazima mtu ahangaike hivi. Kwa maoni yangu, si kila 7.8 ni ugonjwa. Matangi mengi mazuri yanaishi alfajiri zake kwenye 7.8 na 7.9, na matumbawe laini hayajali sana. Tumbawe gumu likiwa kwenye maji yenye uasidi zaidi hutumia nguvu zaidi kujenga kila milimita, kwa sababu lazima liufukuze uasidi mahali pale linapojengea. Hukua polepole, lakini hukua. Kilichoyaua matumbawe yangu hakikuwa pH ya 7.66. Niliyaua mimi kwa kuifukuza ile namba bila kuuliza imetoka wapi. Siku hizi nikiona 7.85 naangalia kwanza kipimo cha hewa, kisha alkalini, kisha nakunywa chai.

Jambo lililonikaa zaidi ni hili la roshani na zile sehemu 430. Kabla ya viwanda hewa ya dunia ilikuwa na kama 280, na bahari ilikuwa karibu 8.2. Leo ni 8.1. Mtu akisikia 0.1 anaona ndogo, kama nilivyoona mimi, lakini ni ongezeko la uasidi la zaidi ya robo, kwenye maji yote ya dunia, na hakuna jagi la kuyatoa nje. Ukumbi wangu uliofungwa ulikuwa na hewa ya 1,450. Niliona kwa macho yangu ncha za Acropora zikisimama bila kukua mwezi mzima, hata kabla sijazidhuru kwa ule unga. Mimi nina dirisha.

Acropora tatu zilizobaki zimekuwa kumi na moja sasa, kwa kukata vipande na kuvipandikiza. Moja, ya kijani yenye ncha za zambarau, imefika upana wa sahani ya wali, na nimeshampa jirani kipande chake.

Mwaka huu majira ya joto yalichelewa kuondoka. Tarehe 29 Oktoba mama aliamka kabla yangu. Nilipotoka chumbani baada ya kuswali nilimkuta ukumbini amefungua madirisha yote matatu, pazia zinapepea, sauti ya gari la takataka inapanda kutoka barabarani, na kipimo cha hewa kikishuka mbele ya macho yangu: 900, 740, 610. Alikuwa amekaa kwenye kochi mbele ya tangi, mtandio begani, anawaangalia samaki.

“Pima sasa,” akaniambia.

Nikapima. 8.04, na taa bado hazijawaka.